Siku Niliyofungua Bariere ya Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa makantonye wa Muheto, huko Masisi, alinipa jembe, peli ya kuzolea udongo na mupanga usio na mpini. Nikamuuliza mpini uko wapi. Akanionyesha pori. "Kazi inaanzia pale," akasema. Nilipokwisha kukata mpini, akanitembeza kilometa sita zilizokuwa zangu tangu saa ile.

Kantonye, kwa ninyi muliozaliwa kazi hiyo ikiwa imeanza kusahauliwa, ni muntu anayetunza kipande chake cha barabara ya udongo kwa mikono. Hana mashine. Shefu alinifundisha kwamba barabara ya udongo lazima iwe na mgongo katikati, maji yateremke pande zote mbili, yaingie katika kanivo, yaani mifereji ya pembeni, na kanivo nazo ziwe na midomo ya kuyamwaga bondeni. "Kamioni haiue barabara," aliniambia. "Maji njo inaua. Kamioni inakuya kuzika tu."

Nikahesabu midomo ya kipande changu nikienda: thelathini na saba. Nikahesabu nikirudi: thelathini na nane. Nikarudia njia yote mpaka nikaupata ule uliojificha chini ya majani. Shefu alikuwa amekaa juu ya jiwe akiningoja. "Weye utachelewa kuoa," akasema. "Utahesabu vidole vya bibi-arusi mara mbili."

Baadaye wakanituma Pinga, huko Walikale, ambako barabara ilikuwa barabara kwenye ramani tu. Mizigo ilifika kwa pikipiki, na sisi tulitunza madaraja ya miti, magogo mawili na mbao juu yake. Shefu wa seksyon, aliyesimamia vipande vyote vya upande ule, aliandika raporo, yaani ripoti, kila mwezi: "Inapitika." Siku moja nikamuuliza, "Shefu, inapitika na nani?"

"Na raporo," akanijibu.

Hakuwa muntu mubaya. Alikuwa ameomba misumari miaka minne, wakamletea kalenda.

Kisha kutoka Pinga wakanirudisha Masisi, karibu na Mweso, safari hii mimi mwenyewe nikiwa shefu wa makantonye. Tulikuwa watu sita. Fundi kuliko wote alikuwa Mama Riziki, mjane aliyelima viazi katika kijiji cha juu na kushika jembe la barabara kama anasuka nywele. Kati ya kijiji chake na hospitali ya Mweso kulikuwa na mteremko mrefu wa udongo mweusi, na katikati yake kijito kilivuka. Mteremko ukiwa mzima, gari ya hospitali ilifika kijijini kwa saa moja. Ukikatika, mgonjwa alibebwa kwa kipoyi, machela ya miti inayowekwa mabegani, nusu siku nzima. Hiyo njo ilikuwa kazi yetu yote: mteremko ule usikatike.

Silaha yetu kubwa ilikuwa bariere ya mvua, mti mrefu wa kufunga njia, tuliouweka chini ya mteremko. Mvua ikikatika, kamioni inangoja masaa manne mpaka udongo ukaze. Pikipiki na gari ya hospitali zinapita. Mzigo mzito unakaa. Hapo njo nilipojifunza biashara bila kuuza kitu.

"Papa Bariere, masaa ine? Choux zangu zitazaa bajukuu hapa!" analalamika shofa wa kamioni ya kabeji.

"Masaa tatu na nusu, kama unashusha nusu ya muzigo, bantu babebe na mabega mpaka kule mbele."

"Masaa mbili!"

"Basi ine, na unashusha yote."

"Eh, Papa, unapandisha?"

"Angalia mawingu. Yenyewe njo inapandisha."

Tulimalizia kwenye tatu na nusu, karibu kila mara. Akina mama wa wafugaji walitupita kwa miguu na madumu yao ya maziwa, wakitucheka sisi wote wawili, mimi na shofa. Kwa namna hiyo mteremko ulikaa miaka kumi na moja bila kukatika.

Ndipo mradi wa kutengeneza barabara ukafika. Kibao kilitangulia, cha chuma, kimeandikwa miezi sita. Kiangazi chote kikaisha makaratasi yakisafiri kati ya ofisi na ofisi, na mashine zikafika pamoja na mvua za Septemba. Kwa siku mbili mashine ya kukwangua ikaondoa mgongo wa barabara na kufukia kanivo zetu. Nikamfuata Enjenyeri wa mradi, muntu mpole, anayesikiliza mpaka mwisho halafu anaendelea na yake.

"Enjenyeri, maji itapita wapi?"

"Papa, tutaweka buze kubwa." Buze ni bomba la zege la kupitisha maji chini ya barabara.

"Na buze zitapita wapi?"

"Kwa barabara."

"Barabara gani?"

Akacheka. Na mimi nikacheka naye. Kicheko kile ningali nakisikia.

Siku tatu kabla ya sherehe ya uzinduzi, mvua kubwa ilinyesha asubuhi, ikakatika saa nne. Saa sita kamioni tano za changarawe zilikuwa mbele ya bariere, Enjenyeri katika ile ya kwanza.

"Fungula, Papa. Bakubwa banakuya kuzindua, changarawe lazima ifike juu."

"Imebaki masaa mbili."

"Papa, siye njo tunajenga hii barabara. Tutaiharibu namna gani?"

Mama Riziki alichukua kijiti, akakichoma ardhini. Kikaingia bila nguvu mpaka karibu na kiganja chake. Akakichomoa, akanionyesha. "Shefu, angalia. Usifungule."

Nilikiona kijiti. Lakini niliona na soko pia, nafasi ya kupatana. Nikamwambia Enjenyeri: nafungua, ukiandika kwamba buze kumi na mbili zitawekwa kwenye mteremko, zianze kwenye kijito, kabla ya kazi nyingine yoyote. Alitaka sita. Nikasema kumi na nne. Tukafika kumi na mbili, akaandika kwenye karatasi ya mradi, akapiga muhuri. Nikasoma mara mbili. Masaa mawili kwa buze kumi na mbili! Nilijiona mjanja kuliko watu wote wa Masisi. Nikainua mti.

Kamioni ya kwanza ilizama kwenye kona ya pili, chini ya kijito. Ya pili ikaizunguka kushoto, ya tatu kulia, zikazama vilevile. Walivutana kwa minyororo mpaka jioni. Walipoondoka, mteremko ulikuwa na mitaro mirefu ya magurudumu, na maji yasiyokuwa na kanivo yakaingia humo. Mvua mbili zilizofuata zilimaliza kazi. Barabara ilikatika, shimo la kumeza kamioni.

Sherehe ilifanywa upande wa Mweso, mahali pazuri. Buze nane zilifika, zikashushwa pale bariere, maana kijito kilikuwa ng'ambo ya shimo. Kisha vita vikakaribia, mashine zikateremka Goma. Buze zingali pale. Mbuzi wanalala ndani.

Miezi miwili baada ya hapo, Neema, binti wa Mama Riziki, alishikwa na uchungu. Gari ya hospitali ilifika mpaka kwenye shimo, ikasimama. Wanaume wanane walimteremsha kwa kipoyi, matope mpaka mapajani, wakipokezana. Mtoto alizaliwa hapo kwenye mteremko, gari wanaiona kwa macho. Hakulia. Mama yake walimuokoa.

Nilipofika matangani, Mama Riziki alinipa kiti. "Shefu," akasema, "nilikuonyesha kijiti." Aliendelea kufika kazini kila siku kwa wakati, akanisalimia mbele ya wenzake, na zaidi ya salamu hakukuwa na kitu.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiuliza nani aliua barabara yetu. Wengine wanasema ofisi, wengine vita, wengine Enjenyeri. Wote wana ukweli wao. Lakini mti ulikuwa mkononi mwangu. Kibao kingine kikifika, musiulize miezi mingapi. Ulizeni mwezi gani.

Juma lililopita Mama Riziki alikuja nyumbani kwangu, mara ya kwanza tangu matanga. Alikataa kukaa.

"Neema ana mimba tena," akasema. "Ukitafuta bantu, tupange mawe kwenye shimo, tufungue kanivo, itachukua wakati gani pikipiki ipite na mugonjwa?"

Nikapiga hesabu. "Miezi mbili."

"Amebakisha mwezi moja na nusu tu."

Sikubishana. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuchukua jembe. Nilipotoka alikuwa amekwisha kutangulia, akipanda bila kugeuka, nami nikamfuata.