Nilivyosukuma Baiskeli Hadi Tunduma Kutafuta Hesi

Nilikwenda Tunduma kwa sababu shemeji yangu alisema baiskeli imekufa, nami nikakataa. Ni baiskeli aliyorudi nayo marehemu mume wangu kutoka machimbo ya shaba ya Rhodesia, akaniachia mimi mbele ya mama yake mzazi. Kwa baiskeli hiyo nachuuza chumvi vijijini, na kwa chumvi hiyo wanangu wanakula. Shemeji hakuwahi kulipenda jambo hilo. Ilipoanza kuchezacheza pale chini, penye ekseli ya pedali, akajitolea kuikaza bila kuombwa. Alikaza kwa spana na nyundo mpaka hesi za upande wa cheni, ile mistari iliyochongwa ndani ya fremu ili kikombe cha gololi kishike, zikasagika zote.

"Fremu imekufa, shemeji," akasema akijipangusa mikono. "Niachie vyuma, wewe utembee kama wanawake wenzako."

Alfajiri, Ihanda. Nilifunga mfuko wa chumvi kwenye keria, pedali nikazitia kapuni, nikaanza kusukuma. Jirani akaniuliza maiti naipeleka wapi. Nikamjibu, hospitali. Alicheka peke yake.

Kwenye barabara kuu malori yalinimwagia vumbi jekundu hadi kwenye kope. Dereva mmoja alisimama, akasema angenipakia mimi tu, baiskeli niitupe porini. Nikamwambia aende zake. Magoti yaliniuma, lakini hasira niliyokuwa nayo ingetosha kunifikisha Lusaka.

Jioni, Mpemba. Nililala kwa mama mdogo, aliyenipokea kwa ugali wa ulezi na maharage.

"Mwanangu, si umwachie tu?" akasema. "Ni chuma hicho."

"Leo chuma, mama. Kesho atataka shamba la kahawa. Keshokutwa atanitaka mimi mwenyewe."

Akaniongezea mboga.

Asubuhi, Tunduma. Nilielekezwa kwenye banda la fundi mmoja karibu na mpaka, Mnamwanga mtu mzima aliyefanya kazi machimboni miaka mingi. Alitazama nyuma yangu kama kuna mtu anakuja.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Unamwona."

Akapitisha kidole ndani ya fremu. "Awe, mayo!" alisema kwa Kibemba. "Hapana, mama! Nani kaua namna hii?"

"Mtaalamu mmoja wa ukoo."

Alicheka sana, kisha akasema inapona, ila kijana wake wa kupuliza moto kwa mvukuto hayupo. Nikapiga magoti, nikavuta mvukuto mwenyewe. Alikwangua hesi zilizokufa, akaingiza pete ya chuma, akaichomelea kwa shaba mpaka ikawa kitu kimoja na fremu. Ilipopoa akamimina mafuta na kuchonga hesi mpya polepole, akizungusha chombo cha kuchongea mbele kidogo na kukirudisha nyuma kidogo ili vumbi la chuma litoke.

"Skrubu nyingi unazikaza kuelekea kulia," akaniambia. "Hii ya upande wa cheni inakazwa kuelekea kushoto. Mtu wenu alikuwa anaifungua, akadhani anaikaza."

Nikamwomba anifundishe. Alinifungisha na kunifungulisha mpaka mikono ikazoea. Alikubali malipo ya chumvi, na kwa chumvi iliyobaki akaniachia spana yake kuukuu.

Kurudi nilirudi nimekaa. Walionicheka nikisukuma walisimama kando ya barabara, nami nikawapigia kengele hata pasipokuwa na haja.

Ihanda, alasiri. Shemeji alikuwa uani kwa mama mkwe, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Sikushuka mpaka nilipofika mbele yao.

"Kumbe imepona," akasema. "Basi sasa ikae kwa mwanamume, isiharibike tena."

Nikaigeuza baiskeli juu chini, nikafungua pedali, ekseli na vikombe, gololi nikazimwaga kwenye kanga yangu. Nikamkabidhi spana.

"Chukua. Ukiifunga ikazunguka, ni yako."

Wazee wakasogeza vigoda. Shemeji akaweka kikombe upande wa cheni, akazungusha kuelekea kulia. Hakikushika. Akazungusha tena, jasho likimtoka. Kisha akainua kichwa.

"Leteni nyundo."

"Nyundo ya nini tena?" Mama mkwe alisimama. "Hiyo baiskeli marehemu alimpa mkewe, na mimi nilikuwepo. Mrudishie spana yake."

Alinirudishia bila kunitazama. Nikaifunga yote mbele yao, taratibu, nikapanda.

Watu wananiuliza nilijifunza nini Tunduma. Nilijifunza kufunga hesi ya upande wa cheni. Kukataa nilikuwa nakujua tangu nyumbani.