Mwaka wa Mgomo

Mwalimu mkuu aliponiomba niandike historia ya shule yetu kwa ajili ya sherehe, nilikubali upesi. Nilisoma hapa, sasa nafundisha hapa, na baadhi ya wazee wa hapa Amagoro waliofyatua matofali ya madarasa matatu ya kwanza wangali hai. Sura za mwanzo hazikunisumbua. Kisha nikafika mwaka wa mgomo.

Nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa darasa. Maharagwe ya shule yalikuwa yamejaa wadudu, na wanafunzi wakapanga kuvunja madirisha ya ofisi. Mwalimu wetu wa hisabati, aliyekuwa akivuka mpaka kila asubuhi kutoka upande wa Uganda, alisikia fununu akaniita.

"Andikeni barua," akaniambia. "Msiguse kioo hata kimoja. Waambie wenzako."

Sikumwambia mtu. Kesho yake vioo vikavunjwa.

Halmashauri ya shule ilitafuta mchochezi, na yule aliyetoka ng'ambo ya mpaka ndiye aliyekuwa rahisi kulaumiwa. Nilipoulizwa kama ni yeye aliyetuchochea, nilitazama viatu vyangu nikasema, "Sijui." Niliogopa wangeniuliza mimi nilijua nini. Akafutwa kazi siku ileile. Mtihani wa hisabati niliupita kwa mazoezi aliyotuachia.

Basi mwaka jana nikavuka mpaka pale Malaba kumtafuta. Nilimkuta nyumbani kwake, amezeeka, anamenya njugu. Hakupata tena kazi ya ualimu. Alikuwa mkulima tangu wakati ule.

"Mwalimu," nikasema, "nilijua hukuhusika."

"Na mimi nilijua kwamba unajua." Akanisogezea kiti. "Sasa unataka nini?"

"Nataka kuyaandika."

"Andika. Kitabu kikitoka, niletee. Watoto wangu wasome."

Niliandika kurasa mbili. Mwalimu mkuu alizisoma, akazitoa. "Hii ni sherehe, mwalimu," akasema. "Tusifukue makaburi." Ningeweza kukataa kazi yote. Nilisema tu, "Sawa."

Kitabu kilitoka kizuri, jina langu kwenye jalada. Mwalimu wangu wa hisabati ametajwa mara moja, katika orodha ya waliowahi kufundisha hapa. Nakala yake iko mezani kwangu hadi leo. Kwake si mbali kwa bodaboda, na kila Jumamosi nasema nitaipeleka.