Namba ya Mwenye Akaunti

Kwa miaka minne kadi yangu ya benki ilikaa kwenye mfuko wa koti la mume wangu, na niliona ni jambo la kawaida. Shule yetu ilikuwa ndani ndani huko upande wa Gwarama, na mashine ya kutolea pesa tuliyoitegemea ilikuwa Kibondo mjini. Mshahara ukitoka, waume zetu walipanda pikipiki na kadi zetu mfukoni, sisi walimu wa kike tukabaki na chaki. Kadi zetu ziliujua mji kuliko sisi wenyewe. Namba ya siri nilimtajia tukiwa bado wachumba, nikidhani ndiyo mapenzi yenyewe.

Msinione mjinga. Nilikuwa nimechoka kubishana. Mimi mtu wa Singida, yeye mzaliwa wa pale, mnunuzi wa maharage na mahindi, mcheshi mbele za watu na mgumu ndani ya nyumba. Kila mwaka nilimwambia nataka kwenda Kasulu kusoma stashahada ya ualimu, na kila mwaka alijibu tusubiri mavuno. Mavuno yalikuja yakaenda. Mwaka 2014 nikapata nafasi chuoni, na mshahara wa mwezi ule ndio uliokuwa ada yangu. Nikiukosa, nafasi anapewa mwingine.

Majuma machache kabla, ofisa wa benki alikuja kuzungumza na walimu wa kata yetu. Alituambia tusiandike namba kwenye kadi, tuzibe kwa mkono tunapobonyeza, tusikubali msaada wa mtu tusiyemjua pale kwenye mashine. Mwalimu mmoja wa kike akauliza, je, mume? Ofisa hakucheka.

"Namba ni ya mwenye akaunti, mwalimu. Mume naye ana akaunti yake."

Wanawake waliangua kicheko, wanaume wakatazama madirishani. Mimi kicheko changu kiliishia njiani.

Jumamosi moja mume wangu alikwenda mnadani, akaliacha koti nyuma ya mlango. Nilichukua kadi, nikawaaga watoto kwamba naenda hospitali, nikakodi bodaboda mpaka Kibondo. Mbele ya mashine nilisimama muda mrefu hadi mlinzi akaniuliza kama nahitaji msaada. Nilibadilisha namba huku nimeziba kwa kiganja, ingawa nyuma yangu hapakuwa na mtu. Namba ile sitaitaja hata leo. Jioni kadi ilikuwa imerudi mfukoni mwa koti, nami nilikuwa uani nachambua maharage.

Nilipanga kumwambia kabla mshahara haujatoka. Kila asubuhi nilijiambia ni leo, na kila jioni ulimi ulikuwa mzito. Nilimwogopa, ndiyo ukweli. Hajawahi kunipiga, lakini ukimya wake ulikuwa unaweza kukaa nyumbani mwezi mzima.

Mshahara ukatoka mapema kuliko tulivyotarajia. Nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari, mwalimu mkuu akiwa meza ya pili, simu ikaita.

"Mwalimu," mume wangu alisema kwa sauti ya chini. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Mashine inakataa namba."

Nikamuuliza ameijaribu mara ngapi. Akasema mara mbili, na foleni ya watu nyuma yake imeanza kunung'unika. Sote tulijua kwamba ukikosea mara ya tatu, mashine inaimeza kadi. Ningeweza kumtajia namba mpya na yote yangeisha palepale, pamoja na Kasulu.

"Usiiweke tena," nilimwambia. "Nimeibadilisha. Rudi na kadi."

Nilisikia watu wa foleni, nikasikia pikipiki ikipita barabarani.

"Ego," alisema mwishoni, yaani ndiyo kwa Kiha. "Basi tukose wote."

Kisha nikasikia mlio wa vitufe, vinne, kimoja kimoja. Hakukata simu. Alitaka nisikie kadi ikimezwa.

Aliporudi nyumbani alikula, akaweka sahani chini, akalala bila neno. Mimi sikulala. Usajili chuoni ulikuwa unafungwa kesho yake, na nilikuwa na hasira ya kuweza kubomoa nyumba. Kulipokucha nilivaa, nikafungasha mkoba, nikapeleka watoto kwa bibi yao, nikasimama kando ya pikipiki yake. Alitoka, akanitazama, akaiwasha. Tulikwenda hadi Kibondo, mimi nimeshika chuma cha nyuma ili nisimshike yeye.

Benki, mhudumu aliuliza kadi ni ya nani. Mume wangu akajitokeza mbele, akasema ni yetu. Yule dada akaitazama, akalisoma jina.

"Mzee, nakuomba ukae pale kwenye benchi," alisema.

Mbele za watu wote alikwenda akakaa. Nilitoa kitambulisho, nikaulizwa maswali, nikasaini, nikapewa kadi yangu. Nilitamani kufurahi nikashindwa, maana nilikuwa namwona kwa pembeni, mikono katikati ya magoti. Nikaenda kwenye mashine nikatoa pesa ya ada na ya nauli, nikaifunga kwenye kanga chini ya gauni.

Nje alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki.

"Sasa mimi nitakuwa nani nyumbani kwangu?" aliniuliza. Hakuwa na ukali. Ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Utakuwa mume wangu," nilimjibu. "Nipeleke stendi. Kuna gari la Kasulu."

Nilipanda. Akaiwasha. Mpaka tunafika njia panda sikujua anakwenda wapi. Upande mmoja ni stendi, upande mwingine ni njia ya nyumbani. Akakata kona kuelekea nyumbani.

Nikamgonga bega. Akapunguza mwendo, akasimama. Nilishuka, nikaweka mkoba begani, nikaanza kurudi stendi kwa miguu. Niliogopa kugeuka, kwa sababu ningemwona usoni ningerudi. Nilitembea mpaka nikafika kwenye magari, na muda wote huo pikipiki ilikuwa inanguruma palepale nilipoiacha.