Mwizi wa Majani ya Kavindu

Nikimaliza kusimulia haya, mtasema Muoki amelewa. Na mimi tangu asubuhi sijaonja hata chai. Kuna mwizi aliingia nyumba moja hapa mtaa wa Tena, akapita televisheni, akapita mtungi wa gesi, akaiba majani.

Nyumba ni ya mpwa wangu Kavindu, karani wa duka la vyuma, msichana asiyecheka ovyo. Sebuleni ana tangi la kioo lenye samaki dume mwekundu, mapezi kama shela la bibi harusi, na jike wake kando kwenye chupa. Juu ya maji ya tangi huelea vijani vidogo kama dengu. Si mapambo hayo. Dume hutema mapovu chini ya vijani hivyo, yakashikana yakawa kiota, na mayai hukaa humo. Vijani vikiondoka, kiota kinavunjika, mayai yanazama na kuoza. Kavindu alikuwa ameshapoteza mayai mara mbili. Zote mbili alirudi kutoka kazini Alhamisi jioni akakuta vijani vimetoweka, maji meupe pe.

"Anko, wewe una ufunguo wangu?" akaniuliza, macho yamenikazia.

"Nikitaka kuiba samaki, si ningeiba wa kukaanga?"

"Sijasema samaki. Nimesema majani."

Mimi nilimshuku Mureithi wa ng'ambo ya barabara, anayefuga kware kwenye roshani. Ndege hula majani, ama? Nikaanza kumchungulia. Naye akaanza kunichungulia. Tukawa tunasalimiana kama watu wanaogombania shamba.

Jike alipotiwa kwa dume akataga tena, Kavindu aliomba ruhusa kazini. Alhamisi hiyo tukajificha chumbani, nyuma ya pazia la mlango. Alinishika shati. Hata hapo hakuniamini.

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Akaingia Mama Naftaly, jirani. Hakuwa amevunja: Alhamisi ndiyo siku ya maji mtaani, na anayeshinda nyumbani huachiwa funguo na wanaokwenda kazini, awajazie mapipa. Hatukumfikiria, maana pipa liko jikoni. Akaengua ukoga kwenye pipa la jikoni, akalijaza. Halafu, chujio la chai mkononi, akaja sebuleni.

"Woi, haka kasichana," akanong'ona. "Maji yameota ukoga tena!"

Akachota mara moja. Kavindu akatoka mbio.

"Mama Naftaly, wacha!"

"Kumbe uko ndani? Umefutwa kazi?" Chujio likabaki hewani. "Hii ni mara ya tatu nakusafishia, na hata asante sijawahi kusikia!"

Kavindu akalipokea chujio polepole, akavirudisha vijani majini. Kiota kilikuwa kimepasuka upande mmoja. Dume hakungoja, akaanza kuokota mayai kwa mdomo, akitema mapovu mapya. Mama Naftaly akachuchumaa kutazama.

"Kumbe ni baba ya watoto," akasema, akaficha chujio nyuma ya leso.

Mayai yaliokoka, na Kavindu, aliyesimama sasa hivi nyuma ya kiti changu akisoma, ni shahidi kwamba aliyeyaokoa ni mimi. Niliruka kutoka kwenye pazia, nikaudaka mkono wa mwizi bila tone kumwagika, na leo vitoto vimefika elfu tano, kila kimoja kikinijua kwa ji—

"Anko, ni kumi na tisa. Na wewe nilikutoa chini ya kitanda."