Antena ya Mirage Yangu

Kuna aibu ambayo mtu anaweza kuisimulia akicheka, na hii yangu nimejaribu kuicheka miaka mingi, haichekeki, kwa sababu kila nikifika pale katikati hasira zinanipanda. Lakini mmeniomba wenyewe, basi sikilizeni, na msinikatize.

Wakati ule wa chama kimoja, sote tukiitana sitwayeni, yaani raia, nilikuwa fundi umeme katika karakana ya shaba hapa Lubumbashi. Mbelgiji mmoja tuliyefanya naye kazi aliporudi kwao aliniachia mbao nyepesi, injini ndogo na kisanduku cha redio cha kuongozea ndege za mfano (siku hizi mngekiita rimoti), nami kwa mwaka na nusu nikaunda Mirage, ndege ya vita kama zile za jeshi letu, mabawa ya pembetatu, rubani wa mbao ndani ya kioo chake, kila kitu kwa kipimo. Injini ya jeti ningeitoa wapi, kwa hiyo propela niliificha nyuma, mkiani. Mabawa aliyavika hariri Baba Saleh, mshonaji wa mtaa unaoitwa Kenya, hapa hapa mjini, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Maniema, kule mashariki. Aliivuta ile hariri kwa vidole vyake mpaka haikubaki na kunyanzi hata moja, akasema yeye anachotaka ni kuiona ikiruka tu.

Shefu wangu, mkuu wa karakana, Sitwayeni Kabeya, akapata habari. Mtu huyu sikuwahi kumwona ameshika hata bisibisi, lakini alikuja nyumbani, akaizunguka ndege mara mbili, akaniambia itaruka siku ya sikukuu ya chama, uwanja wa mpira, mbele ya wakubwa. Nikakubali. Siku yenyewe nasikia kwenye vipaza sauti kwamba ndege imeundwa na Sitwayeni Kabeya, akisaidiwa na mfanyakazi mmoja. Mwaka na nusu gundi inanichubua vidole, leo nimekuwa mfanyakazi mmoja.

Niliirusha mwenyewe, na jamani, iliruka, ikazunguka uwanja mara tatu watu wote wamekaza shingo. Hapo Kabeya akaja na abakosti yake mpya, lile koti la chama lisilovaliwa tai, akanyoosha mkono.

"Leta, na mimi niongoze. Bakubwa banaangalia."

Nikampa, maana shefu ni shefu. Ile antena ndefu ya kisanduku ikamgonga kofia mkubwa mmoja aliyekaa karibu, Kabeya akaomba radhi, akaisukuma yote ndani, ikabaki fupi kama kidole. Sasa hapa ndipo penyewe. Niliona. Nilijua kabisa kwamba antena ikifungwa hivyo, ndege ikienda mbali kidogo haisikii tena. Neno moja lingetosha. Nami nikafunga mdomo, nikasema moyoni, acha aaibike.

Ndege ilifika mwisho wa uwanja, ikajigeukia yenyewe, ikaanza kushuka. Ilipita juu ya jukwaa wakubwa wakajitupa chini ya meza, wanawake waliokuwa wakicheza nyimbo za chama wakatawanyika, na mimi nikaikimbilia mikono juu (mjinga mimi, kana kwamba ningeidaka), nikajikwaa, nikatumbukia kichwa mbele katika pipa la munkoyo, kile kinywaji cha mahindi walichowaandalia wageni. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nilipotoa kichwa, upande mmoja walikuwa wameshaacha kucheka. Baba Saleh, aliyekuja kuiona ikiruka, alikuwa amekaa chini, kanzu ina damu. Alijikinga uso kwa mkono wa kulia, na ndege ikamvunja vidole viwili.

Wakati wanamleta mbele ya jukwaa kungoja gari, Kabeya alikuwa ameshashika kipaza sauti, anawaeleza wakubwa kwamba yule mfanyakazi alifunga nyaya vibaya. Hasira zikaniziba macho. Nikapanda jukwaani natiririka munkoyo, nikamnyang'anya.

"Anadanganya. Ni yeye alifunga antena, mi nilimuona na macho yangu."

Sauti ikaenda uwanja mzima. Nilitaka kumvua nguo yeye, nikajivua mwenyewe, kwa sababu Baba Saleh aliinua kichwa, akaniuliza polepole:

"Uliona, mwana? Na ulinyamaza tu vile?"

Watu waliokuwa wakimzomea Kabeya wakanigeukia mimi, na hata mke wangu nilimwona anatazama pembeni.

Kabeya hakuguswa. Mimi nilihamishiwa Sakania, mpakani, kwenye ghala la reli. Vidole vya mzee viliunga vimepinda, sindano ikamshinda. Nilipokwenda kumwomba msamaha hakunifokea. Alinisogezea kiti nikae mbele ya cherehani.

"Ikala. Mikono yako iko mizima."

Basi kila likizo, miaka mitatu, nilishuka kwenye treni nikaenda mtaani kwake Kenya kupiga pindo za suruali za watu, naye ameketi pembeni ananionyesha nilipokosea, na nilikosea kweli.

Kabeya bado namchukia, siwadanganyi, na nikikutana naye hata leo sijui nitafanya nini. Lakini kunyamaza ili mwenzangu aanguke, hilo nimeapa silirudii. Mtu akikosea mbele yangu, hata awe adui, namwambia papo hapo, hata kama shukrani yake ni matusi.