Nyuzi Nane za Mandolini

Ningekataa. Mjomba aliponiambia, "Okewa, wewe umesoma, jaribu hii chombo uniambie kama sauti yake ni nzuri," ningemjibu kwamba nina mafua, masikio yameziba, amtafute mwingine. Sikumjibu hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mikono yangu ilikuwa imeshanyooka kabla hajamaliza kusema.

Kwetu Wajaluo, okewo ni mtoto wa dada, na mjomba akimwita husema okewa. Kwa wajomba zake hanyimwi kitu, na neno lake hupewa uzito kwa sababu hana shamba pale la kugombania. Mimi kwetu ni Migori, lakini kila likizo ya Desemba mama alinipeleka kwa nyanya, nje kidogo ya Homa Bay. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Asubuhi tulikula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyolala chunguni, kwa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi. Kisha kazi yangu ilikuwa kulinda omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa juu ya nyavu kuukuu. Kuku wa nyanya walikuwa wezi wenye subira. Ukigeuza shingo tu, wamefika.

Mjomba alikuwa mpiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo. Alikaa kwenye kigoda, chombo kimelala ubavuni mwake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa mti, vidole vikitembea juu ya nyuzi nane. Sauti ya nyatiti ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo kidogo, nawe uliisikia tumboni kabla ya masikioni. Baba yake alimkabidhi nyatiti hiyo mkononi siku alipokuwa anakata roho. Watu walikuja kumwita kutoka Oyugis, hata Sori, aende kwenye matanga yao. Huko alimwimba marehemu, akamtaja baba yake, babu yake, akarudi nyuma hadi kwa watu ambao hakuna aliye hai aliyewahi kuwaona. Hakuwa ameandika hata jina moja. Nilipomuuliza anayakumbukaje, alisema, "Mimi sikumbuki. Uzi ndio unakumbuka. Nikiugusa, jina linakuja."

Mandolini niliyopewa niijaribu, kigitaa kidogo cha kizungu, ilikuwa ya karani wa gatini, mtu wa Mombasa aliyekuwa amepewa uhamisho. Alitaka kuondoka na kitu cha huku.

"Miaka sita nimekaa kwenu, mzee," alimwambia mjomba. "Nikirudi mikono mitupu watasema sikufika. Wewe nipe nyatiti, nami nikupe hii. Lakini sikulazimishi. Mpe kijana aijaribu kwanza, tena msikilize kwa makini."

Karani akaingia ndani kupika chai, akatuacha barazani kwake.

Sikuwahi kuona chombo cha namna ile. Mandolini za kawaida ni za mbao tupu. Hii ilikuwa na sahani nyembamba ya chuma tumboni, imefunikwa kwa kifuniko chenye matundu kama chujio. Nilipopiga uzi, sauti iliruka juu, kali, inayong'aa, kama mvua ya mawe kwenye mabati. Wanawake waliokuwa wakifua chini ziwani waligeuka wote kwa pamoja. Nilipiga tena, nikatega sikio. Sauti ilikuwa kubwa, lakini ilikufa upesi. Haikuwa na kina. Mwalimu wetu wa kwaya kule Migori alikuwa na gitaa, alikuwa ametufundisha kusikiliza, na nilichosikia nilikielewa.

Nikajaribu wimbo wa kanisani. Mjomba akacheka hadi akashika magoti. "Aa! Hii inaimba kama mama wa kanisa mwenye amechelewa ibada!" Kisha akasogea, akaanza kuhesabu nyuzi kwa kidole. "Nane! Okewa, si hii ni nyatiti ya wazungu? Nane kama yangu!" Akanitazama, uso umebadilika. "Zote nane, kila moja iko na sauti yake?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshazipiga moja moja. Nyuzi za mandolini zimefungwa jozi jozi, na kila jozi ina sauti moja. Ukiziacha bila kuzibana kwa vidole vya mkono wa kushoto, zinakupa sauti nne tu, na mjomba hakuwahi kubana uzi maishani mwake. Nilijua pia kwamba mjomba asipobadilishana na karani, sitaigusa tena, nami nilikuwa nimekwisha kuipenda.

"Ndiyo, mjomba," nilisema. "Zote nane. Na inafika mbali."

Siku mbili baadaye karani alipanda meli ya Kisumu, na nyatiti ikiwa imefungwa ndani ya blanketi.

Mjomba alijaribu kuzikaza nyuzi zitoe sauti zake nane. Mbili zikakatika. Zilizobaki zilikaribiana mno, akigusa moja na ya pili inalia. Jirani wa kike aliyepita na ndoo akamuuliza, "Shemeji, sufuria hiyo itaiva lini?" Watu wakacheka, naye akacheka nao. Nyanya hakucheka. Alisema tu, "Umetoa sauti ya baba yako, ukaleta bati."

Kwenye matanga yaliyofuata alibeba mandolini. Akapiga, akafumba macho, akataja jina la marehemu na la baba yake, kisha akanyamaza. Akaanza upya, akanyamaza palepale. Baada ya siku hiyo wazee walisema kwamba mtu aliyempa mgeni nyatiti aliyoachiwa na baba yake asiwaitie wafu wao. Akachonga nyingine, akawamba ngozi mpya. Iliposhindwa kumjibu, aliiegemeza ukutani, mchwa wakaanza kuila. Mimi nilitazama haya yote. Ningeweza kusema nini? Nyatiti ilikuwa imeshavuka ziwa, na aliyeipeleka hakuacha anwani.

Siku ya kurudi Migori alinipa mandolini. "Chukua. Wewe ndiye uliisikia vizuri." Sijui hadi leo kama alikuwa amegundua.

Nyanya alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika kwa nyimbo za kanisa tu. Mjomba alikaa kando ya kaburi, mikono juu ya mapaja, vidole vikicheza kidogo kidogo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakupiga tena.

Siku hizi kwenye matanga kuna jenereta na spika ndefu kuliko mtu, na muziki unapigwa hadi vikombe vinatetemeka. Wajukuu wangu huniuliza watu wa upande wa mama yangu walikuwa akina nani. Nawatajia babu yangu, mzaa mama. Wanauliza, na baba yake? Sijui. Mjomba alikuwa na vizazi kumi na viwili kwenye nyuzi zake, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa navyo. Nilisema uongo mmoja ili nipate mandolini. Nikampokonya mjomba kazi yake, nikaupoteza ukoo mzima wa mama yangu, na sikuwahi kumwomba msamaha.