Chui wa Kwetu na Kiboko wa Wanjare

Wiki jana nilimpeleka mjukuu wangu soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, kumtafutia koti. Baridi ya Agosti huku kwetu haina adabu, na mtoto wa Nairobi akija likizo hubeba fulana mbili tu, kana kwamba anakwenda Mombasa. Tuliinama juu ya rundo la mitumba, yeye upande wake, mimi upande wangu, na mara akaibuka na koti la madoadoa ya chui. Muuzaji akalikung'uta, akaapa kwamba koti hilo lilikuwa likimsubiri yeye tangu asubuhi.

Nilicheka peke yangu mpaka mtoto akataka kujua kulikoni. Nikamweleza kwamba sisi ni watu wa chui. Kila ukoo wa Wagusii una mnyama wake wa mwiko, asiyeuawa wala kuvaliwa ngozi, na wetu ndiye huyo. Magokoro wangu, yaani mama yake baba, asingekubali hata kulishika koti lile. Mjukuu alinisikiliza huku akilivaa. Kisha akaniuliza, "Kwani wewe ulimwona?"

Nililipia koti, nikajifanya nimeshughulishwa na ndizi za mama wa pembeni. Wewe lakini nitakujibu, kwa sababu swali hilo limenikera tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi karibu na Sironga, miaka ya sabini ilipokuwa inaanza.

Siku hizo asubuhi ilianza na ukungu na moshi. Magokoro aliamka kabla ya jogoo, akakoka moto, akabandika uji wa wimbi, na harufu yake ndiyo iliyotutoa kitandani. Tulikunywa tukiwa tumesimama, tukakimbia bila viatu kwenye umande mpaka bondeni. Huko kulikuwa na kijito na mikuyu mikubwa. Tulivuka kwa kuruka mawe, na aliyehisi kiu aliinama akachota kwa viganja. Ng'ambo, kwenye matete, korongo wenye taji walitembea kwa maringo na kupiga kelele zao, na hakuna aliyegeuza shingo kuwatazama. Walikuwa pale kila siku. Nani hutazama kitu kilicho pale kila siku?

Mwalimu wetu wa sayansi hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka Maragoli, mrefu, mwenye baiskeli iliyolia kuliko alivyozungumza, na Kigusii hakukijua, kwa hiyo kila kitu alituuliza kwa Kiswahili. Siku moja alisikia wavulana wakijigamba kwa jina la chui, akapendezwa. Akatupa kazi ya nyumbani ambayo sijaona nyingine kama hiyo. Kila mmoja akawaulize wazee wake: mnyama wa ukoo wenu alionekana wapi mara ya mwisho, na mahali hapo leo kuna nini?

Ijumaa ikafika. Karibu darasa zima tulikuwa watu wa chui, na majibu yakafanana mpaka yakachosha. Alikuwa kwenye kichaka fulani, leo pana pareto. Alikuwa kwenye kilima fulani, leo pana kanisa. Mwalimu alitikisa kichwa tu. Ndipo akasimama msichana niliyekaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, na walikuwa wamehamia kwetu kutoka Wanjare, kule chini penye mto mkubwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mnyama wao ni kiboko, na kwamba hana haja ya kumuuliza mzee yeyote. Alimwona mwenyewe. Kiboko alikula mahindi ya shangazi yake, akarudi zake mtoni.

Darasa lililipuka. Mwalimu alimpa chaki amchore. Alichora kitu kama gunia lenye masikio, nasi tukakishangilia. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nimekaa karibu na malkia. Wakati wa mapumziko walimzunguka, wakamgawia mapera na miwa ili asimulie tena, na kila aliposimulia kiboko aliongezeka kimo. Mimi niliyekuwa nikimpa nusu ya kiazi changu kila siku, sasa nilimpa mgongo. Nilimwonea wivu kwa kiboko, kwa shangazi mwenye mahindi, hata kwa zile nyayo alizosema ziliwatosha watoto kuogea. Yeye alikuwa na mnyama. Mimi nilikuwa na jina la mnyama.

Nikamwendea magokoro. Nilimsumbua siku mbili, nikimfuata jikoni na kisimani, mpaka akabeba mgongoni kapu lake la kuchumia chai na kuniambia nimfuate. Alinipeleka katikati ya shamba letu la chai, lile ambalo baba alilipanda uhuru ulipokuja na ambalo wageni walipelekwa kulitazama kabla hata hawajakaribishwa ndani. Akasimama, akachuma majani mawili na kichipukizi, akayatupa kapuni.

"Alikuwa hapa," akasema. "Ulikuwa msitu, hata jua halikuingia. Alfajiri ungemsikia akikoroma kama watu wanaopasua mbao. Hrrr, hrrr. Mimi nikiwa bibi harusi, nilikuwa najifunika blanketi mpaka kichwani."

Nilimuuliza alikwenda wapi. Alisema wanaume walipoungana kufyeka, moshi ulikaa siku nyingi, na baadaye hawakumsikia tena. Aliyasema hayo bila huzuni, vidole vikichuma. Nilipoanza kulia aliitazama sare yangu, akaniambia ni chai iliyoinunua. Kisha akasogea kwenye mche mwingine. Na hapo nilimwonea wivu hata yeye, mwanamke mzee mwenye kapu mgongoni, kwa sababu alikuwa amejifunika blanketi kwa kumwogopa chui, na mimi nilikuwa sina hata wa kumwogopa.

Jioni zilizofuata nilikwenda peke yangu kuchuchumaa kati ya mistari ya chai. Nilisikiliza. Nilisikia vyura, nikasikia ng'ombe wa jirani, nikasikia mama akiniita nikamenye viazi nami nikazidi kujikunyata. Siku ya Jumatano, jua likishuka, nikamsikia. Hrrr, hrrr. Sauti ilitoka bondeni, nzito, ikaenda na kurudi vilevile alivyoiigiza magokoro. Nywele zilinisimama. Nilikimbia nyumbani nikiwa na furaha ya kichaa, na sikumwambia mtu, maana nilitaka wa kwanza kuambiwa awe yule msichana wa Wanjare.

Nilimwambia asubuhi, mbele ya wote, kwa sauti iliyomfikia mwalimu mlangoni. Chui wetu amerudi. Yuko kwa mikuyu, kijitoni. Wavulana wakasema ninapiga chuku, nikaapa. Mwalimu aliniuliza sauti yenyewe ilikuwaje, nikaiiga. Akasema darasa la jioni litafanyika bondeni.

Tuliteremka sote. Nilitangulia, kifua mbele, na msichana wa Wanjare nyuma yangu akiwa amenishika sketi kwa woga. Hapo ndipo nilipofurahi kuliko siku zote za utoto wangu. Kabla hatujafika kijitoni ikasikika. Hrrr, hrrr. Watoto wakaganda. Mwalimu peke yake aliendelea kutembea, akayatenganisha matete kwa mkono, akatuita.

Walikuwa wanaume wawili na msumeno mrefu. Mmoja alikuwa juu ya gogo, mwenzake shimoni chini yake, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Mkuyu mmoja ulikuwa umekwisha kulala. Mwingine ulikuwa umetiwa alama. Walitusalimu vizuri, wakaendelea na kazi.

Wavulana walicheka mpaka wakakaa chini. Ningestahimili kicheko. Nilichoshindwa kustahimili ni yule msichana kutocheka. Aliniachia sketi, akanitazama kwa huruma, mwenye kiboko akimhurumia asiye na kitu.

Mwalimu aliwangoja wanyamaze. Akasema, "Amesikia sawasawa. Chui wenu aliondoka kwa sauti hiyohiyo." Kisha akaelekeza kidole kwenye maji yaliyopita miguuni petu. "Sasa tazameni hiki. Mikuyu ikiisha, kitakachofuata kuondoka ni hiki."

Nani alimsikiliza? Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kumwambia mtoto wa Kisii kwamba maji yataisha ni kama kumwambia udongo utaisha. Alitutaka kila mmoja ataje kitu kimoja anachokiona pale. Wenzangu wakataja ovyo ovyo: chura, korongo, kereng'ende, unyoya. Zamu yangu ilipofika nilisema sioni kitu. Nilikuwa nikitazama mgongo wa yule msichana. Wivu ulikuwa umenijaa machoni, na korongo wawili walikuwa wakicheza ngoma yao hatua chache kutoka nilipokuwa.

Muhula uliofuata baba yake alihamishwa, na msichana akaondoka na kiboko wake. Baada ya wapasua mbao kuondoka, watu wakapanda mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi na kuni zake zina soko, nayo ikakinywa kijito taratibu mpaka kikaisha. Sikumbuki korongo wa mwisho. Hakuna aliyewaaga, maana hakuna aliyejua kwamba wanakwenda.

Tuliporudi kutoka Daraja Mbili, mjukuu alishindwa kukaa ndani. Akavaa koti lake, akanivuta tushuke bondeni nimwonyeshe alikokuwa chui. Nikamwambia chui simjui, ila hapa, kati ya mikaratusi hii, palikuwa na maji. Nikaanza kumsimulia, na nilishangaa ni mengi kiasi gani niliyoyaona siku zile nikidhani sioni. Nilimwambia kuhusu ubaridi wa yale mawe, maji tuliyochota kwa viganja, na jinsi korongo walivyoinamiana kabla ya kuruka.

"Ulikunywa tu?" akauliza. "Hivi, na mikono? Na korongo walikuwa pale?"

"Kila siku."

Midomo ikamvimba. Akasema si haki, kwamba mimi nimekula vyote na yeye ameletewa koti. Niliijua sura ile. Niliivaa mimi kwenye shamba la chai, nikimtazama mwanamke mwenye kapu aliyeendelea kuchuma.

Mjukuu akanipa kisogo. Alikwenda mpaka mahali pa chini kabisa, penye majani makavu ya mikaratusi, akachuchumaa na madoadoa yake ya chui, akainamisha sikio. Alininyooshea kidole ninyamaze. Nami nilichuchumaa nyuma yake, magoti yakiniuma, nikimngoja asikie maji.